Kifaa kikiharibika katikati ya safari ya tanga: mwongozo kamili wa kukabiliana na hali hiyo

Saa nane usiku, upepo wa noti 22 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) ukitusukuma kwa nyuma, gurudumu la usukani lilianza kuzunguka mkononi mwangu bila kushika kitu. Ilikuwa kama kuvuta kamba ya ng'ombe ukakuta ng'ombe hayupo. Nikajua waya wa usukani umekatika, nikakimbilia chini, tochi mdomoni, kwenda kuutazama. Huku juu chombo kisicho na mshika usukani kikajilaza ubavu kwenye mawimbi, tanga kuu likavuka upande wa pili kwa kishindo, na kapi la kamba ya demani, yaani gurudumu dogo linalopitisha kamba ya kuvutia tanga, likapasuka vipande viwili.

Waya tuliuunga kwa dakika 40. Kapi lilitusumbua siku mbili zilizobaki. Waya ulikatika wenyewe. Kapi nililivunja mimi kwa haraka yangu.

Tangu hapo nafuata mpangilio mmoja bila kuuruka: chombo kitulie kwanza, ndipo mkono uende kwenye spana. Yaliyo hapa chini yote yamejengwa juu ya mpangilio huo.

## Dakika kumi za kwanza

Hesabu watu. Sauti kubwa usiku huwafanya watu watoke kitandani na kupanda juu bila mkanda wa usalama, na mtu aliyeanguka baharini ni tatizo kubwa kuliko mlingoti uliovunjika. Kila anayetoka nje avae jaketi la kujiokolea na ajifunge.

Kisha tazama mambo mawili: je, maji yanaingia? Na je, kuna kitu cha kugonga karibu, yaani nchi kavu, mwamba au meli? Kama majibu yote ni hapana, una saa nyingi mbele yako hata kama hujisikii hivyo. Bahari yenye kina, mbali na pwani, ni mahali pazuri pa kuharibikiwa. Wengi huharibikiwa wakiwa salama, kisha wakaukimbilia ufuko kwa hofu, na ufuko ndio unaowavunja.

Sasa kitulize chombo. Namna bora kwa vyombo vingi ni kukifanya kikae kwa matanga:

1. Pindua chombo kana kwamba unabisha, yaani unakwenda dhidi ya upepo kwa kupindapinda, lakini usilegeze kamba ya tanga la mbele. Tanga hilo litabaki limevutwa upande wa joshi, unakotoka upepo.
2. Legeza tanga kuu kidogo kidogo mpaka chombo kiache kusonga mbele kwa nguvu.
3. Sukuma kana, yaani mti wa kushikia usukani, uende upande wa demani, unakoelekea upepo, uifunge hapo. Kama una gurudumu, lizungushe kuelekea upepo na ulifunge.

Tanga la mbele linasukuma omo (mbele ya chombo) ishuke mbali na upepo, usukani unairudisha ipande, na chombo hubaki kikichechea polepole kwa pembe moja na upepo. Mtikisiko hupungua mpaka utashangaa. Kikombe kilichokuwa kikimwagika sasa kinakaa mezani. Vyombo vyenye mkuku (uti wa chini wa chombo) mrefu hutulia vizuri zaidi kuliko vyenye mkuku mwembamba wa kisasa, kwa hiyo jaribu chako siku ya shwari ujue kinapenda tanga kiasi gani. Bila usukani kabisa, shusha matanga yote uache kielee.

Baada ya hapo mtu mmoja atoe amri. Penye manahodha wengi chombo huenda mrama, na msemo huo ulitoka baharini. Mtu mmoja atengeneze, mwingine abaki juu akitazama bahari, wa tatu (kama yupo) ashike tochi na kupokea vifaa. Andika kwenye daftari la safari saa na mahali mlipo. Kila skrubu unayoifungua iweke ndani ya bakuli au soksi. Mimi niliwahi kudondosha nati ya pekee ndani ya ngama, chini kabisa mwa chombo maji yanakokusanyika, nikaitafuta kwa vidole kwenye maji yenye mafuta kwa nusu saa. Siku hizi natandika taulo chini ya kazi.

## Maji yakiingia

Hili halisubiri. Tundu la milimita 38, upana wa mpira wa kawaida wa maji wa chombo, likiwa sentimita 60 chini ya usawa wa bahari, huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Mtu mmoja kwenye pampu ya mkono hawezi kuendana na kasi hiyo kwa muda mrefu. Kwa hiyo washa pampu zote, mweke mtu wa kukumba maji kwa ndoo, lakini akili yako yote iwe kwenye kutafuta tundu. Kupunguza tundu kwa nusu kunasaidia kuliko kuongeza pampu ya pili.

Onja maji. Ndiyo, chovya kidole uonje. Yakiwa matamu, tangi lako la kunywa limepasuka na unaweza kupumua. Yakiwa ya chumvi, bahari imeingia. Yakiwa ya chumvi na yana uvuguvugu, tazama kwanza mipira ya kupoza injini na bomba la moshi.

Tafuta kwa mpangilio, kutoka tezi (nyuma ya chombo) hadi omo au kinyume chake, usirukeruke:

- mahali mhimili wa rafadha (pangaboi) unapotokea nje;
- mhimili wa usukani unapopita kwenye sakafu ya chombo;
- mipira yote ya injini, choo, sinki na pampu ya ngama yenyewe, kwa sababu pampu iliyofungwa vibaya inaweza kurudisha bahari ndani;
- kipima mwendo na kipima kina, ambavyo hupita kwenye tundu la sakafu;
- sanduku la mnyororo wa nanga huko mbele, ambalo watu hulisahau.

Funga kila vali inayopitisha maji ya bahari. Ukiweza, funga zote kwa mara moja, kisha uone kama maji yanaacha kupanda. Weka alama ya penseli ukutani kwenye usawa wa maji na uitazame baada ya dakika mbili. Macho yenye hofu hayapimi vizuri, penseli inapima.

Kila vali inatakiwa iwe na kigingi cha mbao laini chenye ncha kilichofungwa kwa uzi kandokando yake. Vali ikivunjika, unakigongomea ndani na mbao inavimba kwa maji. Kwa ufa usio wa mviringo, shindilia kitambaa kinene, godoro la sponji au nguo yenye grisi, juu yake ubao, na ubao uugemeze kwa fimbo au mguu wa meza mpaka kwenye dari. Nje unaweza kuburuta turubai au tanga dogo chini ya chombo kwa kamba nne. Shinikizo la maji lenyewe hulinyonya kuziba ufa. Kama jeraha liko ubavuni karibu na usawa wa maji, badili upande wa tanga ili ubavu huo uinuke. Hii ndiyo tiba ya haraka kuliko zote na haihitaji kifaa chochote.

Pampu ikigoma ghafla, usidhani imeungua. Fungua chujio lake. Karatasi za makopo ya chakula zilizobanduka kwa unyevu, nywele na vipande vya mbao ndivyo huziba pampu, tena saa ile ile unayoihitaji. Ndiyo maana mabaharia wa safari ndefu hubandua karatasi za makopo bandarini na kuandika majina ya vyakula kwa kalamu ya wino mzito.

## Usukani

Gurudumu likizunguka bure, usukani wenyewe mara nyingi ni mzima; kilichokatika ni waya, mnyororo au pini kati ya gurudumu na mhimili. Chukua kana ya dharura, ile ya chuma iliyofichwa sandukuni, uichomeke juu ya mhimili. Na hapa ndipo utagundua kama uliwahi kuijaribu. Kuna chombo nilichosafiri nacho ambacho kana yake ya dharura ilikuwa nzuri sana ila iligonga gurudumu kila ilipogeuzwa. Ilibidi tulifungue gurudumu kwanza. Jaribu yako bandarini, tanga likiwa limepanda, dakika kumi tu.

Waya uliokatika unaweza kuunganishwa kwa vibano vya waya. Tumia vitatu. Upande wa kibano wenye tandiko zito ukae juu ya waya unaobeba mzigo, na ule wenye umbo la U ukae juu ya ncha iliyokufa. Ukivigeuza, U inauponda waya unaofanya kazi na utakatika tena hapo hapo.

Usukani wenyewe ukipotea ni habari nyingine. Mambo mawili husaidia kwa pamoja. La kwanza ni mizani ya matanga: ukikaza tanga kuu na kulegeza la mbele, chombo hupanda kuelekea upepo, ukifanya kinyume, hushuka. Punguza tanga kuu sana, maana ndilo linalokigeuza chombo kwa nguvu. La pili ni kuburuta kitu nyuma, kama nanga ya turubai, ndoo imara au kitanzi kirefu cha kamba nene, kwa kamba mbili zinazotoka pembe mbili za tezi hadi kwenye winchi, mashine ya kukazia kamba. Vuta kamba ya kulia, chombo kinageuka kulia. Mwendo utapungua hadi noti tatu au nne, na hutaweza kubisha vizuri. Kwa hiyo chagua bandari iliyo upande unakoelekea upepo, hata kama siyo ile uliyopanga. Watu wengi hutumia siku nzima wakipambana kwenda walikotaka badala ya kwenda wanakoweza.

## Mlingoti na nyaya zake

Waya mmoja ukikatika mlingoti hauanguki palepale kila mara. Una sekunde chache, na kazi ya sekunde hizo ni kuuondolea mzigo upande uliokatika:

- Waya wa ubavuni upande wa joshi: badili upande wa tanga mara moja, ili waya mzima wa upande wa pili ubebe.
- Waya wa mbele: geuza chombo kiende na upepo, upepo uje kutoka nyuma moja kwa moja.
- Waya wa nyuma: panda kuelekea upepo na ukaze tanga kuu; ukingo wa nyuma wa tanga utaushikilia mlingoti kwa muda.

Ndipo uchukue henza, kamba ya kupandishia tanga isiyo na kazi, uifunge mahali pa waya uliokatika na uikaze kwa winchi. Endelea kwa tanga dogo.

Mlingoti ukianguka, mambo mawili yatakushtua. Chombo kitaanza kuyumba kwa kasi ya ajabu, kwa sababu uzito uliokuwa juu ndio uliokuwa ukipunguza kasi ya kuyumba. Na utasikia mlingoti ukigonga ubavu kwa chini kila wimbi linapopita. Kugonga huko ndiko hatari yenyewe, kwani ncha iliyovunjika inaweza kutoboa chombo. Kama bahari ni tulivu, funga mlingoti ubavuni uokoe vipande. Kama imechafuka, ukate uende: ng'oa pini za nyaya kwa koleo na nyundo kwanza, kisha msumeno wa chuma wenye nyembe kadhaa, kisha mkasi mkubwa wa kukatia waya. Waya wa mwisho kukatwa uwe ule utakaouacha mlingoti ukae mbali na chombo.

Usiwashe injini. Kwanza pitia kila kamba iliyo majini, uivute, uihesabu, kisha upitie tena. Kamba moja kwenye rafadha na umepoteza mlingoti na injini siku moja.

Kinachobaki, yaani kipande cha mlingoti, mti wa chini wa tanga au nguzo ya tanga la mbele, kinaweza kusimamishwa kama mlingoti mdogo. Katika Vendée Globe, mashindano ya kuzunguka dunia kwa tanga mtu akiwa peke yake, ya 2000 hadi 2001, Mfaransa Yves Parlier alivunjikiwa mlingoti akiwa peke yake kusini kabisa mwa dunia. Sheria zinakataza msaada wa nje. Alitia nanga karibu na kisiwa cha Stewart, New Zealand, akaunganisha vipande, akausimamisha mlingoti mwenyewe, akala hata mwani chakula kilipopungua, na akamaliza mashindano kwa siku 126. Wewe hutafuti kumaliza mashindano. Unatafuta tanga dogo la kukupa noti tatu. Noti tatu kwa saa 24 ni maili 72.

## Matanga na kamba

Haya ni mepesi, nitapita haraka. Tanga lililochanika lishushwe mapema, maana mpasuko wa kiganja huwa wa mita baada ya dakika tano za kupigapiga. Lisuuze kwa maji matamu, likaushe kabisa, bandika tepu ya matanga pande zote mbili, kisha shona kingo kwa sindano na kinga ya kiganja. Tepu juu ya chumvi haishiki, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Henza ikikatika na ncha yake kupanda juu ya mlingoti, iache huko. Tumia nyingine. Kupanda mlingoti chombo kikiyumba kunavunja mbavu. Ufanye hivyo tu kama maisha yanategemea, na ukiwa umefungwa kwa kamba mbili.

## Injini

Injini ya dizeli inataka mafuta safi yasiyo na upepo, hewa, na kitu cha kuizungusha. Ikiunguruma kwa kupanda na kushuka kisha ikazima, karibu kila mara ni mafuta. Bahari ikichafuka, uchafu uliotulia chini ya tangi kwa miezi huvurugika na kuziba filta. Badilisha filta, kisha toa upepo: legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta, piga pampu ndogo ya mkono mpaka mapovu yaishe na mafuta yatoke mfululizo, kaza, hamia skrubu inayofuata kuelekea injini. Weka kopo chini, mafuta ya dizeli sakafuni huteleza na harufu yake huwatapisha hata wasiotapika.

Ikipata joto, chungulia nyuma: je, maji yanatoka na moshi? Kama hayatoki, zima, hakikisha vali ya maji iko wazi na chujio halina mwani au mfuko wa plastiki, kisha fungua pampu utazame impela, kigurudumu cha mabawa ya mpira kinachosukuma maji. Mabawa ya mpira yaliyokatika lazima yahesabiwe na kutafutwa ndani ya bomba, kwani kipande kimoja kitaziba mbele na utashangaa kwa nini impela mpya haisaidii.

Jambo moja wengi hawalijui mpaka liwagharimu injini. Ukijaribu kuwasha mara nyingi na injini isiwake, pampu inaendelea kuvuta maji ya bahari na kuyajaza kwenye chemba ya moshi, ila hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Mwishowe hurudi ndani ya silinda. Kwa hiyo baada ya majaribio machache funga vali ya maji ya bahari, endelea kujaribu, na uifungue mara tu injini inapowaka. Tundika ufunguo wa injini kwenye mkono wa vali hiyo ili usisahau.

## Umeme na vifaa vya kuongoza njia

Ukisikia harufu ya kuungua, zima swichi kuu kabla ya kutafuta. Vinginevyo chukua kipima umeme. Betri ya risasi na asidi ya volti 12, ikiwa imepumzika, husoma karibu 12.7 ikijaa na karibu 12.2 ikifika nusu. Injini ikiwaka isome karibu 14. Ikibaki 12 na kitu, altaneta, kifaa cha injini cha kuchaji betri, haichaji: tazama belti, kisha waya zake. Kifaa kimoja kikifa peke yake, anza na fyuzi, kisha maungio. Kutu ya kijani kwenye ncha ya waya huua vifaa vingi kuliko vifaa vyenyewe kufa. Kwangua, kaza, paka grisi.

Umeme ukiwa haba, zima jokofu na usukani wa kujiendesha kwanza. Taa za usiku na redio ndivyo vya mwisho.

Skrini ikizimika hujapotea kama uliandika mahali ulipo saa iliyopita. Kutoka hapo tumia dira, saa na kasi. Kasi unaipima hivi: dondosha kipande cha karatasi omoni, hesabu sekunde mpaka kifike tezi, gawa urefu wa chombo kwa sekunde hizo, zidisha kwa mbili. Chombo cha mita 10, sekunde 4: karibu noti tano. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, sawa na dakika moja ya latitudo, kwa hiyo unapima umbali kwenye ukingo wa ramani wenyewe. Na ondoa simu na spika karibu na dira. Sumaku zake huipotosha.

## Wakati wa kuita msaada

Ita mapema kwa sauti ya chini. Kwenye redio ya VHF, chaneli 16, "Pan-Pan" mara tatu maana yake nina shida lakini maisha hayako hatarini sasa hivi. Usukani umepotea maili 60 kutoka nchi kavu, hiyo ni Pan-Pan. "Mayday" ni ya hatari kubwa iliyo karibu kwa chombo au mtu: taja jina la chombo mara tatu, mahali mlipo, tatizo, msaada mnaotaka, idadi ya watu. Kumbuka antena ya VHF hukaa juu ya mlingoti na huanguka nao. Beba antena ya akiba au redio ya mkono. Mbali na pwani, kifaa cha dharura kiitwacho EPIRB hutuma ishara ya kuomba msaada kwa setilaiti kwa megahezi 406, na ukishakiwasha kiache kiwake.

Kuhama chombo kinachoelea ni uamuzi wa mwisho kabisa. Katika mashindano ya matanga ya Fastnet, yanayoanzia Uingereza, ya Agosti 1979 vyombo 303 vilianza, tufani ikawakuta, na mabaharia 15 walikufa. Vyombo 24 vilihamwa. 5 tu ndivyo vilivyozama, vingine 19 vilikutwa baadaye vikielea bila watu.

## Baada ya kutengeneza

Usilale palepale. Kagua ulichokitengeneza baada ya dakika 15, kisha kila saa, kwa kukigusa: bolti inayolegea huanza kwa kutetemeka chini ya kidole kabla jicho halijaona. Endesha chombo kwa kasi ndogo kuliko unavyodhani kinaweza. Usitumie kipuri chako cha mwisho kama kilichochakaa kinaweza kufungwa kwa waya kikafika.

Usiku ule wa usukani tuliukagua waya kila saa mpaka bandarini. Vibano vile vitatu havikusogea hata nywele moja. Kapi tulilolifunga kwa kamba badala ya lile lililopasuka lilifunguka mara nne.